Herufi ya Kwanza na Mwisho wa Kitenzi: Uhakiki wa Amri za Mtumiaji katika Kihariri cha Vim kwa Mtazamo wa Goma

1. Utangulizi

Mjadala kuhusu Kiswahili na kompyuta umekuwa, kwa sehemu kubwa, mjadala wa istilahi. Wataalamu wamejiuliza kama chombo chenyewe kiitwe kompyuta au tarakilishi, kama faili lihifadhiwe au litunzwe, na kama maneno mapya yanafuata kanuni za uundaji zilizokubaliwa. Kazi hiyo ina matunda yake. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kupitia mradi wa Kilinux, kilitoa Jambo OpenOffice, yaani programu za ofisini zenye menyu za Kiswahili. Kampuni ya Microsoft nayo ilifuata njia hiyo hiyo katika miaka ya katikati ya muongo huo. Hata hivyo, liko jambo la msingi ambalo mjadala huo umeliacha kando. Menyu hutafsiriwa na wataalamu kwa niaba ya mtumiaji. Ilhali zipo programu zinazompa mtumiaji mwenyewe uwezo wa kuamua kibonye kipi kifanye kazi gani, na amri ipi iitwe kwa jina gani.

Makala haya yanahakiki uwezo huo kama unavyojitokeza katika Vim, kihariri cha matini kinachojulikana mno miongoni mwa waandishi wa programu duniani. Mtazamo unaotumika ni wa Goma, mji mkuu wa jimbo la Kivu Kaskazini katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Goma imeteuliwa kwa sababu matatizo matatu ambayo kwingineko hukutwa mbalimbali hukutana hapo: kibodi ya Kifaransa, programu ambayo amri zake ni za Kiingereza, na Kiswahili cha mji ambacho si kile cha kamusi sanifu. Hoja kuu ni kwamba amri za vihariri vya namna hii zimejengwa juu ya herufi ya kwanza ya neno, ilhali Kiswahili huweka sehemu kubwa ya tofauti zake za maana mwishoni mwa kitenzi. Maadamu hali ni hiyo, kuhamisha herufi kutoka kibonye hadi kibonye hakutoshi. Njia yenye manufaa zaidi ni amri kamili yenye jina, iliyobuniwa na mtumiaji kwa kufuata tabia ya lugha yake.

2. Kihariri chenyewe

Kihariri cha matini si programu ya kupamba barua. Hakina habari ya ukubwa wa herufi wala rangi ya karatasi. Kazi yake ni kuandika, kufuta, kutafuta na kupanga herufi tupu. Vim ni mrithi wa vi, kihariri kilichoandikwa na Bill Joy huko Berkeley, Marekani, mwaka 1976. Mholanzi Bram Moolenaar alikitoa Vim hadharani mwaka 1991 kwa ajili ya kompyuta ya Amiga, akaendelea kukitunza hadi alipofariki mwezi wa Agosti 2023.

Sifa inayokitofautisha kihariri hiki na programu nyingi ni kuwa na hali zaidi ya moja. Katika hali ya kuingiza maandishi, kibonye huandika herufi yake. Katika hali ya kawaida, kibonye hicho hicho huwa amri: d hufuta, c hubadilisha, y hunakili, w huruka hadi neno linalofuata. Amri hizi huungana mithili ya sentensi. Anayebonyeza d kisha w amesema "futa neno". Zaidi ya hapo, mtumiaji hupewa zana mbili, ambazo zinafafanuliwa katika sura ya 40 ya mwongozo wa kihariri hicho. Ya kwanza ni amri :map na jamaa zake, ambazo hukipa kibonye kazi mpya. Ya pili ni :command, ambayo huunda amri mpya yenye jina alilolichagua mtumiaji. Mipango yote hiyo huandikwa katika faili moja dogo ambalo kihariri hulisoma kila kinapoanza.

Kihariri hiki kina uhusiano wa pekee na Afrika ya Mashariki. Mwaka 1994 Moolenaar alijitolea kama mhandisi wa maji na usafi katika kituo cha watoto cha Kibaale, mji mdogo wa Rakai kusini mwa Uganda, eneo lililopoteza wazazi wengi kwa UKIMWI. Tangu hapo aliwaomba watumiaji wa Vim wachangie elimu ya watoto hao badala ya kulipia programu, na kwa miaka mingi skrini ya kwanza ya Vim ilibeba ombi hilo kwa ajili ya watoto maskini wa Uganda. Wema wa tendo hilo hauna shaka. Lakini mhakiki wa lugha hana budi kuona pia picha inayojengwa na skrini hiyo. Eneo la Maziwa Makuu limeingia katika mojawapo ya programu zinazotumiwa sana duniani kama jina la wanaohitaji msaada. Halikuingia kama mahali pa lugha ambazo zingeweza kuiamuru programu hiyo. Swali la makala haya linaanzia hapo: je, mlango wa :command unaweza kuipa lugha ya eneo hili nafasi ya aina nyingine?

3. Kibodi ya Goma

Katiba ya Kongo ya mwaka 2006 inaifanya Kifaransa kuwa lugha rasmi, na Kiswahili kuwa mojawapo ya lugha nne za taifa pamoja na Kikongo, Kilingala na Kiluba. Mgawanyo huo unaonekana hata juu ya meza. Kibodi iliyozoeleka Goma ni ya Kifaransa, ambayo safu yake ya juu ya herufi huanza na A, Z, E, R, T, Y. Vihariri vya ukoo wa vi vilizaliwa juu ya kibodi ya Kimarekani, na tofauti hiyo si ndogo kama inavyodhaniwa.

Nukta ni mfano mzuri. Katika Vim, kibonye cha nukta hurudia kitendo cha mwisho, na watumiaji wazoefu hukihesabu kuwa miongoni mwa amri zenye thamani kubwa kwa sababu ni kibonye kimoja chepesi. Katika kibodi ya Kifaransa nukta haipatikani bila kushikilia kibonye cha herufi kubwa. Mstari wa mkwaju, ambao huanzisha utafutaji, nao ni hivyo hivyo. Tarakimu zote pia. Mabano ya mraba na mkwaju wa kinyume huhitaji kibonye cha AltGr. Huo mkwaju wa kinyume ndio uliowekwa na Vim kuwa kibonye cha kutangulizia amri za mtumiaji, kwa hiyo aliye Goma hutumia vidole viwili pale ambapo mwenzake wa Marekani hutumia kimoja, na hilo ni kabla hata hajaanza kutaja amri anayoitaka.

Kinyume chake, nukta mbili, ambazo hufungua mstari wa amri, hupatikana kwa mguso mmoja katika kibodi ya Kifaransa, ilhali katika ile ya Kimarekani zinahitaji vibonye viwili. Koma nayo ni mguso mmoja, na kwa sababu hiyo mtumiaji wa Goma anaweza kuifanya koma kuwa kibonye chake cha kutangulizia kwa mstari mmoja tu: let mapleader = ",". Atapoteza kazi ndogo ya asili ya koma, lakini atapata mlango ulio karibu na kidole. Aidha, alama ya ritifaa, ambayo Kiswahili huihitaji katika ng'ombe na ng'oa, huandikwa katika kibodi ya Kifaransa kwa mguso mmoja bila kibonye cha ziada. Kwa hiyo kibodi ya Goma si kikwazo tu. Ina milango yake, na anayeichunguza huona kuwa njia nyepesi humo inaelekea kwenye mstari wa amri zaidi kuliko kwenye vibonye vya mkato. Jambo hili litakuwa na uzito katika hoja inayofuata.

4. Tatizo la herufi ya kwanza

Amri za hali ya kawaida ni herufi za mwanzo za maneno ya Kiingereza: d ya delete, c ya change, i ya insert, a ya append, w ya word. Kwa anayejua Kiingereza, herufi ni kikumbusho. Msomi wa Goma aliyefunzwa kwa Kifaransa hupata nusu ya bahati hiyo kwa sababu lugha hizo mbili zimechota maneno mengi katika chemchemi ya Kilatini. Changer, insérer, ajouter na quitter humwongoza vema. Lakini écrire, yaani kuandika, humpeleka kwenye :e, ambayo katika Vim haiandiki faili bali hufungua jingine.

Mzungumzaji wa Kiswahili hana hata nusu hiyo. Wakati mwingine herufi humpotosha waziwazi. Vibonye h, j, k na l husogeza kielekezi kushoto, chini, juu na kulia. Mpango huo ulitokana na mishale iliyochorwa juu ya vibonye hivyo katika kituo cha kompyuta cha ADM-3A alichokitumia Bill Joy. Kwa Mswahili, j ni herufi ya juu, lakini kibonye hicho humteremsha chini. Neno futa huanza kwa f, lakini kibonye cha f hutafuta herufi. Anayetaka kufuta hutafuta, na anayetaka kupanda hushuka.

Suluhisho la haraka ni kubadili kazi za vibonye. Mtumiaji anaweza kuagiza j ifanye kazi ya k, na k ifanye kazi ya j. Hapo atakutana na somo la kwanza la :map. Akiandika :map j k na :map k j, kihariri kitaitafsiri j kuwa k, kisha k kuwa j, kisha j kuwa k tena, mpaka kifikie kikomo cha mizunguko 1,000 na kukataa. Hii ni hali inayofahamika kwa kila aliyewahi kutumia kamusi mbaya, ambamo neno la kwanza hufafanuliwa kwa la pili na la pili kwa la kwanza. Dawa yake ni :noremap, ambayo huagiza kwamba upande wa pili wa fasili usomwe kwa maana yake ya asili, bila kutafsiriwa upya. Kwa lugha ya leksikografia, ni sharti kwamba maneno ya fasili yawe na maana iliyokwisha kuthibitishwa.

Lakini hata kama ufundi huo umeeleweka, mpango wa kuweka herufi za mwanzo za Kiswahili mahali pa zile za Kiingereza unagonga ukuta wa sarufi. Kushoto na kulia zote huanza kwa ku-. Mstari, mwanzo na mwisho zote huanza kwa m-. Nomino za Kiswahili hubeba viambishi vya ngeli mbele, na kwa hiyo herufi ya kwanza mara nyingi hutangaza ngeli badala ya maana. Kwa upande wa vitenzi, funga, fungua, fungasha na fungia vina mzizi mmoja, na tofauti zake zote zimo katika viambishi tamati. Kiingereza hufanya kinyume: tofauti kati ya fold na unfold hujitokeza katika sauti ya kwanza kabisa, ilhali tofauti kati ya kunja na kunjua husubiri hadi mwisho. Mfumo wa herufi ya kwanza, basi, si chombo kisichopendelea upande wowote ambacho kila lugha inaweza kukijaza kwa maneno yake. Ni mfumo uliokatwa kwa kipimo cha lugha fulani.

Kuna hali moja tu ambapo bahati iliiangukia Kiswahili. Katika Vim, u hutengua kitendo cha mwisho, kutokana na kiambishi cha Kiingereza cha kukanusha kitendo. Katika Kiswahili, u ndiyo alama ya kauli ya kutendua: funga na fungua, kunja na kunjua, ziba na zibua, tenda na tendua. Kibonye hicho hakihitaji kuguswa. Ila inafaa kuangaliwa kwamba kimefaa kwa sababu kimewakilisha kiambishi, si mwanzo wa neno.

5. Amri zenye majina

Zana ya pili, :command, inatoka katika msingi mwingine. Mtumiaji huandika, mathalani, :command Chunga write, na tangu hapo :Chunga huhifadhi faili. Sharti mojawapo ni kwamba jina lianze kwa herufi kubwa ili lisigongane na amri za asili, ambazo karibu zote huanza kwa herufi ndogo. Katika tahajia ya Kiswahili herufi kubwa ni ya majina ya pekee, na matokeo yake ni kwamba kitenzi cha mtumiaji huandikwa kana kwamba ni jina la mtu. Si kasoro kubwa. Pengine ni ukumbusho wa haki kwamba amri hiyo ina mwenyewe.

Faida ya kwanza ya amri zenye majina ni mpangilio wa maneno. Katika hali ya kawaida idadi hutangulia kinachohesabiwa: d3w hufuta maneno matatu. Kiswahili huiweka idadi baada ya nomino. Mtumiaji akiandika :command -nargs=1 FutaMistari delete <args>, ataweza kuamuru :FutaMistari 3, na kihariri kitafuta mistari mitatu. Hii ni sentensi ya Kiswahili kwa mpangilio wake wenyewe: kitenzi, nomino, idadi. Hakuna kiasi cha kuhamisha herufi ambacho kingeleta matokeo hayo.

Faida ya pili, pamoja na hatari yake, ni ufupisho. Vim huruhusu amri ya mtumiaji ifupishwe ilimradi kifupi chake hakishirikiwi na amri nyingine. Mtumiaji aliyebuni Funga, Fungua na Futa atakapoandika :Fu ataambiwa kuwa amri hiyo ina utata. Akiandika :Fung bado kuna utata. Hapa tatizo la mwisho wa kitenzi limerudi kwa mlango wa nyuma. Mambo huwa mabaya zaidi kwa anayeiga menyu za Kifaransa, ambazo hutumia kitenzi katika hali ya kutonyambulishwa kwa nafsi wala wakati: ouvrir, fermer, enregistrer. Kwa kuwa Kiswahili cha Goma huvisha hata vitenzi vya Kifaransa kiambishi ku-, ni rahisi mtumiaji akaziita amri zake Kufungua, Kufunga na Kufuta. Kwa kufanya hivyo amezipa zote silabi moja ya mwanzo, na kuupoteza ufupisho kabisa.

Njia iliyo bora ni kuteua visawe kwa makusudi, ili kila kitenzi kianze kwa herufi yake. Orodha kama Andika, Badili, Chunga, Fungua, Nakili, Ondoka, Pangusa, Rudi na Tafuta inatosha kwa kazi nyingi za kila siku, na hakuna herufi ya kwanza inayojirudia. Pangusa imechukua nafasi ya futa, na ondoka imechukua nafasi ya funga na toka. Hakuna neno geni katika orodha hiyo. Kilichofanyika ni kuchagua miongoni mwa maneno yaliyopo kwa kuzingatia kazi yanayotakiwa kuifanya. Huo ndio uundaji wa istilahi kwa maana yake halisi, na umefanywa na mtumiaji mwenyewe.

Hata hivyo, chombo chenyewe kina kasoro mbili ambazo uhakiki hauwezi kuzifumbia macho. Kwanza, jina la amri haliruhusiwi kuwa na alama yoyote isipokuwa herufi na tarakimu. Ng'oa, kitenzi kinachofaa sana kwa kuondoa mstari, haiwezi kuwa amri. Pili, kasoro hiyo inaendelea ndani ya matini. Kwa hesabu ya kawaida ya Vim, ritifaa si sehemu ya neno. Kwa hiyo ng'ombe huonekana kama vipande vitatu, na anayebonyeza dw juu ya neno hilo hufuta ng tu na kuacha mabaki. Kwa Kiswahili, ng' ni konsonanti moja, na hakuna mwandishi anayeiona kama mipaka miwili ya maneno. Kwa bahati nzuri tatizo la pili lina dawa: set iskeyword+=39 hukiagiza kihariri kiihesabu ritifaa kuwa sehemu ya neno. Mstari huo mfupi ungepaswa kuwa wa kwanza katika faili la kila anayeandika Kiswahili kwa Vim.

6. Kiswahili kipi?

Swali linalobaki ni Kiswahili cha nani kinachoingia katika faili hilo. Kiswahili cha Kivu kina sifa zinazokitambulisha mara moja. Husema batoto na bitu pale sanifu inaposema watoto na vitu. Hutumia ka- na tu- kwa udogo, kama katika katoto. Huongeza -aka kuonyesha mazoea. Na wengi husema fungula pale kamusi inapoandika fungua. Kitenzi chunga, ambacho sanifu hukitumia zaidi kwa mifugo, hutumika kwa kuweka kitu salama. Hifadhi, neno lililoteuliwa na watafsiri kwa ajili ya menyu, ni neno la vitabuni zaidi kuliko la nyumbani.

Programu iliyotafsiriwa kutoka juu haiwezi kukidhi tofauti hizo, wala haistahili kulaumiwa kwa hilo. Menyu moja inawahudumia watu kutoka Lamu hadi Kisangani, na usanifu ndio unaoifanya ieleweke kwa wote. Amri ya mtumiaji, kinyume chake, haidaiwi kueleweka na wote. Anayeandika :command Fungula kwa Goma hamwondolei mtu wa Zanzibar chochote. Hali kadhalika ukaguzi wa tahajia, ambao Vim imekuwa nao tangu toleo la 7.0 la mwaka 2006: orodha ya Kiswahili itaipigia mstari batoto kama kosa, lakini mtumiaji akibonyeza zg neno hilo huingizwa katika orodha yake mwenyewe na halihesabiwi kosa tena. Mwanafunzi anayenakili masimulizi ya wazee wa mjini kwa ajili ya tasnifu anahitaji uwezo huo kuliko mtu mwingine yeyote, kwa kuwa usahihi wa data yake unategemea kutosahihishwa kwa yale yaliyosemwa.

Hapa lazima hadhari itolewe. Kuna wanaoweza kusema kwamba kila mtu kuwa na amri zake ni kuivunja lugha vipande vipande. Hoja hiyo ina uzito katika uandishi unaochapishwa, lakini inachanganya matini na zana. Faili la mipango si matini inayosomwa na umma. Ni karakana ya mwandishi. Fundi seremala huipanga meza yake apendavyo, na kiti anachokitengeneza hukaliwa na kila mtu.

7. Kibodi ya wengi

Hoja nzito zaidi dhidi ya kubadili vibonye inatoka katika maisha ya mji wenyewe. Mahali ambapo kompyuta moja hutumiwa na watu wengi, iwe katika maabara ya chuo au katika chumba cha kupiga chapa barua, kibonye kilichobadilishwa na mmoja huwa mtego kwa mwingine. Aliyezibadilishana j na k akaondoka amemwachia mwenzake mashine inayoenda kinyumenyume. Kubadili kibonye ni kuondoa maana iliyokuwapo na kuweka nyingine mahali pake.

Amri yenye jina haina madhara hayo. Kwa kuwa ni lazima ianze kwa herufi kubwa, haiwezi kufunika amri za asili zinazoanza kwa herufi ndogo. Aliyebuni Chunga ameongeza, hajaondoa. Mwenzake aliyezoea :w ataikuta pale pale alipoiacha. Kile kilichoonekana kuwa sharti la kiufundi kina, kumbe, maadili ya ujirani ndani yake: lugha mpya inakaribishwa bila ya kumfukuza mwenyeji.

Kuna pia suala la kuhama na mali. Goma ni mji ambao sehemu yake ilimezwa na lava ya Nyiragongo mwezi wa Januari 2002, ukahamwa tena na umati baada ya mlipuko wa Mei 2021, na kuingiwa na vita mwezi wa Januari 2025 ulipotekwa na M23. Katika mji wa namna hiyo, mpango wa kazi usiobebeka si mpango. Faili la amri za Vim ni matini tupu ya mistari michache. Huwekwa katika kifaa kidogo cha kumbukumbu, na mashine yoyote yenye kihariri hicho inaweza kulisoma kwa kuandika vim -u na jina la faili, bila intaneti na bila kugusa mipango ya mwenye mashine. Msamiati wa mtu husafiri naye.

8. Hitimisho

Uhakiki huu umeonyesha kwamba zana mbili ambazo mwongozo wa Vim unazifundisha pamoja zina thamani tofauti kwa Kiswahili. Kubadili vibonye kunafaa kwa kurekebisha matatizo ya kibodi, kama kuihamishia koma kazi ya mkwaju wa kinyume, lakini hakufai kuwa njia ya kukisemesha kihariri Kiswahili, kwa sababu herufi ya kwanza haibebi maana ya kutosha katika lugha yenye viambishi vya ngeli mbele na vinyambulisho nyuma. Amri zenye majina zinaitii sarufi ya Kiswahili, zinavumilia tofauti za lahaja, na haziwabughudhi watumiaji wengine. Kasoro zake, hasa kukataliwa kwa ritifaa na utata wa vifupisho, zinahitaji kujulikana mapema ili zikwepwe.

Kazi inayofuata ni ya pamoja. Idara za lugha na idara za kompyuta katika vyuo vya Goma zingeweza kuwapa wanafunzi zoezi moja: kuandika faili la amri 20 kwa Kiswahili wanachokisema, kueleza kwa nini kila kitenzi kimeteuliwa, na kulilinganisha na mafaili ya wenzao wa Dar es Salaam, Mombasa au Bujumbura. Kutokana na ulinganisho huo wangepatikana visawe vilivyojaribiwa mikononi mwa watu kabla ya kupelekwa mezani pa wasanifishaji. Kwa muda mrefu istilahi za kompyuta zimeteremshwa kutoka kwa wataalamu kwenda kwa watumiaji. Zoezi hilo lingewawezesha watumiaji nao kuzipandisha.